Pwani Isiyo na Chumvi

Wiki jana stima ilipotea mjini Embu, na yule kijana anayefua na kupiga nguo pasi karibu na ofisi yetu akatoa pasi ya makaa aliyoirithi sijui kwa nani. Nilikuwa nimeenda kuchukua sketi yangu. Alikuwa amelowesha shuka kwa maji ya wanga, na pasi ilipoigusa ukapanda mvuke wenye harufu ya uji uliokaribia kuungua, sabuni ya kipande na moshi. Nikasahau sketi. Nilisimama mlangoni mwa kile kibanda hadi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mama yangu. Akainamisha kichwa, akasema pole sana, akidhani mama amekufa. Mama hajafa. Yuko Kiritiri, anafuga mbuzi na kugombana na majirani juu ya maji ya bomba.

Ile ni harufu ya chumba cha pasi cha hoteli iliyokuwa chini kwetu, Mbeere, kando ya bwawa la umeme. Mwenye hoteli alikuwa mzee wa kwetu aliyefanya kazi Mombasa ujana wake wote. Aliporudi na kukuta maji yamejaa bondeni mahali alipochungia mbuzi akiwa mdogo, aliamua kwamba hata sisi tunastahili pwani. Akaleta mchanga wa mtoni, lori baada ya lori, akaumwaga ukingoni na kuusawazisha kwa reki. Akapanda minazi, ikakataa. Akapanda tena, ikakataa tena, mwishowe akaridhika na mipapai. Kwenye bango la barabarani alichorewa samaki mwenye rangi ambazo hakuna samaki wetu aliyewahi kuwa nazo. Watu wakaita hoteli ile Bichi, halafu soko lote likaitwa Bichi, na hadi leo ukiuliza jina lake la zamani utaelekezwa kwa wazee wawili watatu tu.

Mimi niliamini kwamba ile ndiyo bahari. Ng'ambo ya maji vilionekana vilima vya Ukambani, vya samawati asubuhi na vya kahawia mchana, na nilijua bila kuambiwa na mtu kwamba huko ndiko Mombasa. Mwalimu aliposema darasani kwamba maji ya bahari yana chumvi, nilishuka hadi ukingoni baada ya shule, nikayaonja. Hayakuwa na chumvi. Nikahitimisha kwamba bahari yetu ni mpya na bado haijatiwa.

Sikukuu zilipofika, soko liligeuka. Wanawake waliotoka kuchoma makaa milimani walishuka na sufuria zao za kukaangia samaki. Mpiga picha alikuja kutoka Embu na pazia lake lililochorwa ndege. Vyumba vya kukodisha vilipakwa chokaa nyeupe hadi usawa wa dirisha, juu vikaachwa vilivyo, kwa kuwa mgeni akilala haangalii juu. Walikuja walimu na wake zao, makarani, kwaya za makanisa kutoka Meru, watu wa Nairobi wenye miwani ya jua. Waliingia majini wakiwa na nguo nusu, wakipiga kelele za furaha kama watoto, na mimi nilishangaa kwamba watu wazima wanaweza kusafiri kutwa nzima ili wakae ndani ya maji bila kuchota hata ndoo moja.

Mama ndiye aliyefua na kupiga pasi shuka zao. Baba alifariki kabla sijamjua, na tuliishi katika boma la mama yake baba, nyanya yangu, ambaye nilimwita Cucu. Kila siku nikitoka shule nilishuka moja kwa moja hadi chumba cha pasi. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha lisilo na kioo, na nje yake kamba tano za nguo zilizofika hadi kwenye majabali. Shuka zilipoanikwa zote, ukitembea katikati yake hukuona kitu ila weupe unaopumua, na miguu ya mama upande wa pili ikienda na kurudi. Nilikuwa naifuata ile miguu. Kila mara iliposimama, alisema, "Nani huyo ananichunguza?" nami nilinyamaza nikicheka ndani ya mkono wangu. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na sisemi hivyo kwa uchungu.

Sasa, Cucu. Cucu hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, kwa hiyo maneno yake nayaandika nilivyoyasikia kwa Kimbeere. Alikuwa na mbuzi wengi, na jioni alisimama mlangoni mwa zizi wakiingia, akiwaita: yule wa pembe iliyovunjika, mama wa mapacha, mwizi wa mahindi, mweusi wa yule mweusi. Hakuwahesabu. Ukimwuliza mbuzi wako ni wangapi, alijibu, "Ni wale wale." Ukimwuliza amezaa watoto wangapi, alitaja majina hadi ukachoka. Alikuwa hivyo, na wazee wote wa kwetu walikuwa hivyo, na mimi sikuona ajabu wala sikuuliza sababu.

Lakini shuleni tulikuwa tumefika mia, na nilikuwa hodari. Niliyahesabu mawe, ngazi, madirisha ya kanisa. Siku ya Pasaka, Bichi ikiwa imejaa kuliko nilivyowahi kuiona, meneja wa hoteli, mtu wa Runyenjes aliyevaa tai hata jua likichoma, alikuja mbio hadi chumba cha pasi.

"Wewe msichana, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la pili."

"Basi panda hapo juu ya mawe unihesabie watu wote, wenye wako kwa maji na wenye wako kwa mchanga. Hawa wa jikoni wananisumbua, hawajui wachome samaki ya watu wangapi."

Nilipanda jabali. Chini yangu maji yalikuwa yanameta hata nikalazimika kukunja uso. Sauti zilinifikia zikiwa zimechelewa kidogo: mtu alifungua mdomo, halafu kicheko kikaja. Nikanyoosha kidole, nikaanza. Yule mwenye kofia, mmoja. Yule mwenye tumbo, wawili. Kila niliyemwonyeshea kidole nilihisi amekuwa wangu. Nilihesabu polepole kwa utamu, wengine mara mbili kwa kuwa walipiga mbizi na kutokea kwingine, na nilipomaliza walikuwa sitini na mmoja. Meneja alinipa soda nzima peke yangu. Mama aliweka pasi chini akanitazama kwa fahari. Karibu naye alisimama mgeni mmoja, mwanamke aliyebeba sweta nzito mkononi, akisubiri gauni lake, naye pia akasema huyu mtoto ni mwerevu.

Jioni nikamsimulia Cucu. Alikuwa anapepeta ndengu. Ungo ukasimama.

"Umehesabu watu?"

"Ndiyo."

"Kwa kidole?"

"Meneja ndiye aliyenituma."

"Huyo meneja hakuzaliwa na mtu?" Akaweka ungo chini, akanichotea maji kwenye kibuyu. "Sukutua. Tena. Tema kule mbali. Watu hawahesabiwi. Wakihesabiwa wanaanza kupungua."

Hakunichapa, wala hakulitaja tena jambo hilo. Kwake lilikuwa limeisha pale maji yalipoanguka chini. Kwangu ndipo lilipoanza.

Mwaka ule mvua ya masika ilikuja siku nne ikaondoka. Maji ya bwawa yakaanza kurudi nyuma. Mwanzo yaliacha ukanda mwembamba wa tope, mwembamba kama mkanda wa shule, kisha tope likapasuka, kisha kukawa na tope jingine mbele yake. Ule mchanga wa malori ulibaki juu peke yake, mbali na maji, na wageni waliokuja walilazimika kuvuka tope wakibeba viatu. Waliokuja Jumapili moja waliwasimulia wengine, na Jumapili iliyofuata walikuwa wachache. Mtumbwi wa kutembezea wageni uliachwa ulipokuwa, umeegemea ubavu kwenye ardhi kavu, na mbuzi wakaanza kulala kivulini mwake.

Kila mtu sokoni alikuwa na sababu yake. Mhubiri alisema ni bia. Wakaanga samaki walisema ni viboko wamewatisha wageni. Wengine walisema watu wa umeme wanafungulia maji huko chini usiku kwa ujeuri tu, na wengine kwamba mzee mwenye hoteli amegombana na wanawe. Niliwasikiliza wote nikiwa na ndoo yangu ya maji kichwani, nikiwahurumia. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Niliona vizuri kabisa ni nani walikuwa wamepungua: mwenye kofia hakuja tena, mwenye tumbo hakuja tena, na kadhalika, kwa mpangilio ule ule niliowahesabu.

Nilijaribu kurekebisha. Kwanza nilipanda jabali nikawahesabu kinyumenyume, kutoka sitini na mmoja kurudi mmoja, nikionyesha mahali walipokuwa wamesimama, ambapo sasa palikuwa tope. Haikufaa. Kisha nikafikiri nifanye kama Cucu kwa mbuzi. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikaa juu ya jabali na kuwaita wachache waliokuja, taratibu, bila kidole: mama wa kitambaa cha njano, yule anayeogopa maji, mwenye kula ndizi, mtoto wa mwenye kula ndizi. Nilifikiri wakiitwa vizuri watarudi na kuwaleta wenzao. Niliongea nao kwa upole sana. Niliwaomba radhi. Nikishuka, mama aliniuliza nilikuwa naongea na nani, nikasema naimba. Shuka kwenye kamba zilikuwa zimebaki mbili au tatu, na hapakuwa tena pa kujificha.

Wafanyakazi waliondolewa mmoja mmoja, hadi wakabaki mpishi, meneja na mama. Kisha siku moja, shule ikikaribia kufungwa kwa Krismasi, nilimkuta mama nyumbani mchana. Sanduku la bati lilikuwa kitandani, limefunguliwa. Aliniambia anaenda Timau kufanya kazi ya maua, mahali pa baridi karibu na mlima, na kwamba atakuwa analeta nguo na ada ya shule. Nilimwuliza kama ni kwa sababu hoteli imekwisha. Akafikiri kidogo, akasema, "Eeh, hoteli imekwisha." Nikataka kumwambia. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini nilijua kwamba nikisema, Cucu atasikia kwamba kusukutua hakukutosha, na mama ataondoka akijua ni mimi. Nikamsaidia kukunja kanga zake. Nilizikunja vibaya, naye akazikunja upya.

Alikuja mara mbili kwa mwaka. Alikuwa na sweta, na mashavu yake yalikuwa yamenenepa na kuwa mekundu, na mikononi alikuwa na mikwaruzo ya miiba. Aliniletea maua ya waridi yaliyokataliwa, yenye petali moja iliyokunjika, na Cucu aliwalisha mbuzi. Alinieleza jinsi ngano inavyotembea upepo ukivuma, shamba zima kwa pamoja. Nilisikiliza, nikawa naiona ile ngano na yeye katikati, nikijiambia: nimempeleka kule kwa kidole hiki. Darasani nilianza kuhesabu nikiwa nimekificha kidole hicho ndani ya ngumi. Walimu walidhani nina tatizo la mkono. Hoteli ilifungwa kabisa mwaka uliofuata. Bango likaanguka, nasi tukamtumia yule samaki wa rangi kama mlango wa zizi.

Nilikua, kama wote tunavyokua. Nikasoma, nikapata kazi ya ofisi, nikajifunza habari za ukame na mabwawa na jinsi maji yanavyofunguliwa yazungushe mitambo. Nilijua kwa akili yangu yote kwamba mtoto hawezi kukausha bwawa. Lakini nikiwa kwenye mkutano na mtu akasema hebu tuhesabu walio hapa, bado nilijikuta nikiangalia dirishani. Cucu alipofariki, mama alistaafu akarudi, akajenga Kiritiri, mbali na boma la zamani.

Halafu Bichi ikafufuka. Lami ilifika kwanza. Kisha mvua zilinyesha misimu kadhaa mfululizo kama zinazodaiwa, na maji yakarudi, yakapanda hadi yakaramba ule mchanga wa malori. Vijana wa Embu walianza kushuka wikendi kupiga picha na ule mtumbwi uliozama nusu majini, wakazituma kwa simu, wengine wakaja kuutafuta. Mjukuu wa yule mzee, msichana wa Nairobi aliyenyoa nywele zote, akaja na mafundi, akapaka kuta rangi ya machungwa, akaweka viti vya nyaya kwenye mchanga na taa ndogondogo kwenye mipapai. Wakaanga samaki walirudi, na mabinti zao sasa ndio wenye sufuria. Watu wa soko wanasema mambo ni mazuri kuliko zamani. Nadhani wanasema kweli.

Baada ya ile siku ya pasi nilimpigia mama, nikamwambia Jumapili nampeleka Bichi. Alivaa sweta ya Timau, joto lote lile. Tulikaa kwenye vile viti vya nyaya, tukaletewa chai na samaki. Pembeni watoto walikuwa wanarushiana maji, sauti zao zikitufikia kwa kuchelewa. Tangu Timau mama hupenda kuongea Kiswahili, kwa kuwa kule walikuwa watu wa kila kabila, na hukiongea nami hata tukiwa wawili.

"Wametengeneza vizuri," alisema. "Lakini shuka yao haipigwi pasi. Nimeangalia."

"Mama, nataka kukuambia kitu. Ni mimi niliyeua hoteli hii."

Nikamwambia yote: jabali, kidole, soda, maji ya kibuyu, majina niliyowaita. Alicheka mpaka akashika kifua. Kisha akaona mimi sicheki.

"Hiyo maneno umebeba tangu darasa la pili?"

"Nimeibeba. Na kwa hiyo ni mimi niliyekufanya uende Timau. Ndiyo maana nataka unisamehe. Najua ni upuuzi, lakini unisamehe tu."

Mama alitoa mfupa mdogo mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani.

"Timau haikuwa maneno ya hoteli," akasema. "Mimi nilijiandikisha siku ile ya Pasaka, watu wakiwa wamejaa hapa. Kulikuwa na mama mmoja wa Timau, msimamizi wa maua. Nilimpigia gauni pasi, akaniambia mkono yangu ni nzuri, kwao wanatafuta watu. Nikamwambia aandike jina. Ni vile tu walichelewa kuniita. Hata wakati naenda, meneja alinibembeleza nikae, tungojee maji."

"Ulitaka kwenda."

"Nilitaka sana." Aliangalia vilima vya ng'ambo. "Hapa nilikuwa bibi ya marehemu. Nikienda maji, bibi ya marehemu. Nikicheka kanisani, watu wanageuka. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, Wawira. Kule waliniita Ciarunji, jina langu. Siku ya kwanza mtu aliita Ciarunji nikakosa kuitika, nilikuwa nimesahau ni mimi."

Nilisema ninaelewa, na ninafikiri nilielewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapita umri ule zamani.

"Bado," akasema. "Usiseme unaelewa, sijamaliza. Mwaka ya pili walinipatia nyumba ya vyumba viwili. Ningekuchukua. Cucu yako hangekataa, nilimuuliza. Nikajiambia ngoja mvua iishe. Halafu ngoja Krismasi. Sikutaka kuwa mama ya mtu kwanza. Nilikuwa nakupenda na sikutaka. Hiyo ndiyo ya kuombewa msamaha, na si wewe wa kuomba."

Mtoto mmoja alipita mbio akiturushia mchanga, mamake akatuomba radhi kwa mbali. Nilikuwa nimekuja na mzigo wangu nikitarajia kuutua, na sasa umechukuliwa, lakini mikono yangu haikujua pa kukaa. Nilitamani ingekuwa kosa langu. Mtoto aliyemfukuza mamake kwa kidole kimoja ni mtoto mwenye nguvu za kutisha, na nilikuwa nimeishi kwa nguvu zile miaka yote. Mtoto aliyeachwa hana kitu. Nilimwona kwa mara ya kwanza, amekaa juu ya jabali akiwaita watu wasiomjua kwa upole, na nikamwonea huruma ambayo sikuwa nimewahi kumwonea.

"Umekasirika," mama akasema.

"Ndiyo. Nimekasirika sana."

"Ni sawa." Akavuta kiti chake kwenye mchanga hadi kikagusa changu. "Lakini kasirikia hapa. Usiende nayo Embu."

Nikakaa.